Sahani moja ikivunjika, msitupe seti nzima

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu vyombo vya udongo vya zamani, vile vilivyokaa kwenye makabati ya vioo ya mama zetu na kutolewa siku ya sikukuu au akija mgeni wa heshima. Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Majengo, Dodoma. Mezani kwangu hakuna kingine ila sahani, vikombe, visosi, mabakuli na mabirika, na karibu vyote vimeshapita kwenye nyumba za watu kabla ya kunifikia.

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, mji wetu umekuwa wa kushusha mizigo. Lori linatoka Dar es Salaam na kabati, magodoro, jokofu na boksi la vyombo. Likifika Kizota au Ipagala na boksi likafunguliwa, hakikosi kuwamo kilichovunjika. Ndipo watu wanapokuja kwangu na kipande kimefungwa kwenye kanga, wanauliza, "Mama, unayo kama hii?" Nikisema kwa sasa sina ila niachie nitafute, wengi hunijibu hakuna haja, seti imeshaharibika, zilizobaki wamewagawia mafundi wa ujenzi au wamezitupa jalalani. Hapo moyo huniuma kweli.

Seti ya watu kumi na wawili haifi kwa kuvunjika sahani mbili. Sahani hizi zilitoka kiwandani kwa maelfu, zenye nakshi ileile, mwaka hadi mwaka, na nyingine za aina hiyohiyo bado zipo kwenye makabati ya watu, hapa nchini na nje. Kinachokosekana ni mtu kujua hasa anatafuta nini. Na jambo hilo mara nyingi limeandikwa chini ya sahani yenyewe, ila hatuna mazoea ya kuigeuza.

Chini, katikati, kuna muhuri. Muhuri uliokamilika una jina la kiwanda, jina la nchi, na jina au namba ya nakshi. Vikombe vingi havina vyote hivyo kwa sababu kitako ni kidogo, ndiyo maana huwaambia wateja waniletee sahani au kisosi, kikombe kibaki nyumbani. Namba iliyoandikwa kwa brashi juu ya mng'ao, yaani ile ngozi kama kioo inayofunika udongo, aghalabu ndiyo namba ya nakshi. Herufi moja au mbili zilizo peke yake pembeni, kwa kawaida ni alama ya mchoraji, hizo hazitakufikisha popote. Namba iliyobonyezwa ndani ya udongo kabla haujachomwa ni habari za kiwandani: umbo, ukubwa, pengine tarehe. Iandike nayo, inaweza kukufaa.

Jina la nchi linatoa umri. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru ya McKinley mwaka 1890, ikataka bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka, na viwanda vya Uingereza vikaanza kuandika England kuanzia 1891. Kwa hiyo sahani ya Kiingereza yenye neno hilo kwa kawaida ni ya mwaka huo au baadaye, na yenye Made in England ni ya karne ya 20 au baadaye. Nippon ni Japani ya kabla ya 1921. Ukikuta Occupied Japan, umeshika chombo cha miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, kabla Wamarekani hawajamaliza kuikalia nchi hiyo mwaka 1952. Yenye GDR ilitoka Ujerumani Mashariki kati ya 1949 na 1990. Kwenye sahani za Royal Doulton, kiwanda cha Uingereza, za kuanzia 1928, tafuta namba ndogo kando ya taji la kwenye muhuri, jumlisha na 1927, utapata mwaka: 13 ni 1940.

Sasa nitoe mfano wa muhuri unaowasumbua wengi. Kuna seti ya waridi jekundu, la njano na la pinki, yenye ukingo wa dhahabu, ambayo mama wengi wa mjini wanaipenda mno. Inaitwa Old Country Roses, ya kiwanda cha Royal Albert, na ni miongoni mwa nakshi zilizouzwa sana duniani. Chini imeandikwa 1962. Mtu akiona hivyo anaamini sahani yake ni ya mwaka huo, na muuzaji akijua hivyo anapandisha bei. Ule ni mwaka ambao nakshi ilitolewa, na umeendelea kupigwa kwenye vyombo vilivyotengenezwa miongo mingi baadaye. Kinachotofautisha ni neno England: vya zamani vinalo, vya karibuni, vilivyotengenezwa nje ya Uingereza, havina. Ukichanganya kimoja na kingine mezani, mwenye jicho ataona waridi limekolea tofauti na dhahabu imekaa tofauti. Kwa hiyo anayetafuta kikombe cha kujazia seti aseme mapema, chenye England au kisicho nalo.

Nakshi nyingine inayoingia kwenye meza yangu mara kwa mara ni ile ya buluu yenye mti unaoinama, nyumba ya Kichina, daraja lenye watu watatu na ndege wawili juu. Hiyo ni Willow. Ilibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, na hata kile kisa cha wapendanao wawili kinachosimuliwa juu yake ni cha Waingereza wenyewe, wala hakikutoka China. Viwanda vingi mno viliitengeneza. Kwa anayetaka tu meza ijae buluu, hakuna nakshi rahisi zaidi ya hii kuipatia ya kujazia. Kwa anayetaka ifanane kabisa, ni kazi, maana buluu ya kiwanda kimoja imeelekea nyeusi, ya kingine imepauka, na ukingo wa huyu una vipembe ambapo wa yule ni mviringo mtupu. Hapo jina la kiwanda ni lazima.

Baada ya muhuri, chukua rula. Pima sahani kutoka ukingo hadi ukingo ukipitia katikati. Sahani ya chakula huwa kama sentimita 25 hadi 27, ya kitindamlo kama 20, ya mkate 15 hadi 17. Kisosi kipime mara mbili: upana wake wote, kisha lile shimo la katikati kinapokaa kikombe. Wateja wengi hupuuza shimo, halafu kikombe kinapatikana, nakshi ni ileile, kinakaa kikicheza. Viwanda viliweka nakshi moja kwenye maumbo zaidi ya moja, na shimo ndilo linalokuambia kikombe kipi ni cha kisosi kipi.

Halafu weupe. Toka nje ya duka asubuhi, simama kivulini, weka sahani mbili ubavu kwa ubavu zikiwa zimegeuzwa. Taa ya umeme hudanganya. Ukiinua sahani mbele ya mwanga na kivuli cha vidole vyako kikaonekana kwa nyuma, hiyo ni kaure. Kuna kaure ya majivu ya mifupa ya ng'ombe, ambayo Josiah Spode wa Stoke-on-Trent aliikamilisha mwishoni mwa karne ya 18 na ambayo karibu nusu yake ni majivu hayo. Weupe wake una joto, umeelekea maziwa. Kaure isiyo na mifupa huwa na weupe wa ubaridi, unaovuta buluu kidogo. Udongo wa kaolini unaotengenezea kaure hata sisi tunao, pale Pugu, na sijaacha kutamani siku nitakayogeuza sahani nzuri ya kaure nikute imeandikwa Tanzania. Sahani isiyopitisha mwanga kabisa mara nyingi ni ya udongo wa kawaida, na hiyo ikimeguka ukingo hunywa maji, ikaanza kuweka madoa ya kahawia kuanzia kwenye jeraha.

Nieleze kazi moja jinsi ilivyokwenda, wasomaji waone si ndoto. Dada mmoja wa Mpwapwa alikuja na visosi vya kijani hafifu, rangi moja tupu, bila ua wala mstari. Baba yake alikuwa mpishi wa Wazungu Kongwa wakati wa ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga wa 1947 hadi 1951, na mradi ulipofungwa vyombo vikabaki kwake. Vikombe vilikwisha kidogo kidogo kwa miaka, visosi vikabaki, na yeye alikuwa anafikiri kuvifanya vya kuwekea vyungu vya maua. Tukavigeuza: Wood's Ware, Beryl, England. Beryl ni vyombo vya miaka ya 1940, vilivyotengenezwa kwa wingi wakati viwanda vya Uingereza vilipozuiwa kuuza vyenye mapambo kwa watu wa kwao. Waliviweka kwenye migahawa ya kazini, mashuleni na makanisani. Nilipokumbuka hilo la makanisani nikaanza kuuliza kwenye majiko ya makanisa ya zamani ya huku kwetu. Kwenye moja, nyuma ya sufuria za harusi, palikuwa na vikombe vya kijani kilekile, vimepangwa, havina visosi, na akina mama wa pale wakasema wanavichukia kwa sababu mgeni akipewa chai hana pa kuweka kijiko. Dada aliwanunulia vikombe vipya na visosi vyake, wakampa vile. Kikombe cha kwanza alichokiweka juu ya kisosi cha baba yake kilikaa kimya kwenye shimo lake, na yule dada alilia pale pale jikoni.

Wanaotumia simu janja wana njia nyingine. Kuna kampuni ya Marekani, Replacements, iliyoanzishwa mwaka 1981 huko Greensboro, North Carolina, ambayo kazi yake ni hii hii ya kutafutia watu vipande vya seti vilivyopotea. Ina picha za nakshi nyingi mno. Sishauri mtu aagize sahani moja kutoka huko, kwa sababu nauli na ushuru hadi Dodoma vinaweza kuzidi bei ya seti mpya. Ninachoshauri ni kuitumia kupata jina. Ukishajua jina la nakshi, una cha kuulizia Kariakoo, Zanzibar, Mombasa, na kwa ndugu aliyeko ughaibuni anayekuja likizo.

Kuna wenzangu sokoni ninaotaka kuwasihi. Msiwauzie watu sahani yenye alama ya kuingia kwenye mashine ya kuoshea vyombo au maikrowevu mkasema ni ya wakati wa mkoloni. Alama hizo ni za juzi. Msizibe ufa kwa gundi na rangi mkauza kama nzima. Wateja nao wajifunze kupima: ning'iniza sahani kwenye ncha ya kidole, igonge taratibu kwa ukucha. Kaure nzima hulia kwa sauti inayoendelea. Yenye ufa hujibu kwa mlio mfupi, mfu. Kisha pitisha ukucha ukingoni pote, na umulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Chombo kilichogundishwa kikae kabatini kama pambo, kisitiliwe chakula cha moto.

Kuhusu ule ujumbe unaozunguka kwenye simu kwamba vyombo vyote vya zamani ni sumu na vitupwe, nitasema ninachokijua. Ndani yake mna ukweli. Mng'ao na rangi za zamani nyingi ziliwekwa madini ya risasi, na risasi ni hatari, zaidi kwa watoto wadogo na wajawazito. Vitu vichachu ndivyo vinavyoitoa kwenye chombo. Kwa hiyo usihifadhi achari, maji ya ukwaju, siki wala ndimu kwenye bakuli la zamani. Chombo ambacho rangi yake imechubuka, au mng'ao umejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, kiondoe kwenye kula kabisa, na mtoto asipewe chakula humo. Ukiwa na shaka, kitazame tu. Lakini kukitazama na kukitupa ni mambo mawili, na sahani ya bibi yako inayokaa kabatini haijamdhuru mtu.

Kwa kuosha, mchanga na majivu viachieni masufuria. Ukingo wa dhahabu hauvumilii steelwaya wala jiki. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, na beseni la plastiki ili sahani isigonge sinki. Wanaohama wazisimamishe sahani kwa ukingo ndani ya boksi, kila moja ikiwa na karatasi au kanga yake, wasizilaze moja juu ya nyingine. Zilizolazwa ndizo zinazofika Dodoma zikiwa vipande.

Jambo linaloharibu seti kuliko lori ni mirathi. Nimeliona mara nyingi, kwa Wakristo na kwa Waislamu, kwa matajiri na kwa wenye kawaida. Matanga yakishaanuliwa, watoto wanagawana vyombo vya mama kwa haki kabisa: huyu sahani nne, yule sahani nne, dada mkubwa birika, mdogo wao vikombe. Kila mmoja anaondoka na kitu kisichotosha kupokelea mgeni. Baada ya miaka michache vimepotea vyote, na hakuna hata aliyekumbuka kuandika jina lake. Nawasihi wazee wanaosimamia mirathi walifikirie hili. Seti ibaki kwa mmoja, wengine wafidiwe kwa kitu kingine. Ikishindikana, basi kabla ya kugawana mpige picha ya seti nzima mezani na picha ya muhuri, kila mtoto abaki nazo, ili atakayekuja kutafuta ajue pa kuanzia na ajue nani ana nini. Na nyinyi akina mama mlio hai, waambieni watoto seti inaitwaje na ilitoka wapi. Wengi wanaonijia wanajua tu kwamba "mama alikuwa anazipenda."

Mhariri, sasa nifike kwenye ombi langu kwako. Wenye kisosi kimoja kilichobaki wengi wao ni wazee wa Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Kongwa, ambao hawana simu za picha, lakini gazeti lako linawafikia, na wajukuu wanawasomea. Tunaomba utupe sehemu ndogo ya ukurasa, hata mara moja kwa wiki, ambapo msomaji ataandika anachotafuta na mwingine ataandika alicho nacho. Picha si lazima. Kiwanda, jina au namba ya nakshi, nchi, sentimita, na hali ya ukingo: mistari miwili inatosha, na barua zipitie kwako ili watu wasianike namba zao za simu hadharani. Kanisa, hoteli au shule yenye vyombo vya zamani vilivyopungua stoo navyo viandikwe humo badala ya kufukiwa shimoni.

Nianze mwenyewe. Ninayo sahani ya chakula ya Willow ya buluu, Johnson Bros, England, sentimita 25, ukingo mzima, na bakuli la supu la kiwanda hichohicho lenye ufa mmoja mfupi wa kitako. Ninacho kifuniko cha birika la Old Country Roses, chenye dhahabu yote. Birika lake silijui liliko. Natafuta kwa ajili ya mteja jagi la maziwa la nakshi ya Blue Italian ya kiwanda cha Spode, la ukubwa wowote, hata kama mshikio umewahi kugundishwa. Natafuta pia vikombe viwili vya Old Country Roses vyenye neno England, ambavyo mdomo wake haujameguka, na mwenye navyo aniandikie upana wa kitako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama Muuza Vyombo,
Majengo, Dodoma.